Jinsi ya kuandika afisa wa chombo cha anga anayeanza kushtuka kwamba dunia yake ni feki

Jamani usianze na milipuko, anza na kitu kidogo. Mfano mzuri ni Riker, afisa wa chombo cha anga kwenye kipindi cha TV cha Star Trek: The Next Generation (sehemu ya "Future Imperfect", 1990), anaamka anaambiwa miaka 16 imepita na hakumbuki kitu, sasa ni kapteni na ana mtoto wa kiume. Hapo bado anaamini, na wewe mwache aamini kwanza, mpe vitu anavyovipenda maana uongo mtamu ndo unashika.

Halafu tia kasoro moja moja. Kompyuta inachelewa kujibu. Video ya marehemu mkewe inaonyesha Minuet, mwanamke aliyetengenezwa na kompyuta ambaye Riker aliwahi kumpenda, hajawahi kuwepo kabisa! Hii kwangu ndo bora kuliko zote, kwa sababu aliyetunga uongo kachimba moyoni mwa Riker akamchukua mtu asiye halisi bila kujua.

Baadae afisa wako aulize maswali mepesi yenye majibu anayoyajua, mfululizo, asiwape wanaomdanganya nafasi ya kupumua. Akishagundua, mpe ukweli wa pili ambao nao ni feki, kama Riker alivyoambiwa kumbe ametekwa na maadui, akamnasa yule dogo aliyekuwa mwanawe wa uongo alipomwita Tomalak, kamanda wa maadui hao, balozi wakati ubalozi ulikuwa wa ule uongo wa kwanza.