SOMO: Kufunga heda ya bei nafuu kwenye Datsun 120Y (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimeulizwa kuhusu heda, yaani seti ya mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye injini, mara nne, mara moja nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga hapa Mwanza: kijana kasikia mlio wa gari, akaja kugonga kioo. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia somo hili na salamu.

Gari langu ni Datsun 120Y, injini A12, cc 1171, kabureta, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini. Kama lako ni gari lingine la zamani ambalo kabureta na ekzosi vimekaa upande mmoja wa injini, mengi ya humu yatakufaa.

Kwanza tuelewane. Manifodi ya kiwandani, yaani kile kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote, ni chuma cha kumimina, njia nne fupi zinazogongana mapema. Heda inaipa kila silinda bomba lake refu kidogo kabla ya kukutana na wenzake, moshi unatoka bila kusukumana. Utaisikia injini inapumua vizuri zaidi ukiivuta juu. Ila cc 1171 zinabaki cc 1171. Anayetaka kuyapita mabasi kwenye barabara ya Shinyanga anunue injini nyingine.

KUCHAGUA

Heda ya bei nafuu ni ya chuma cha kawaida, si stenlesi, na hilo si kosa. Kosa ni kununua kwa macho ya picha. Ukiishika mkononi angalia haya.

Flenji, yaani kile kibao kinachokaa kwenye silinda hedi. Ikiwa nyembamba itajikunja ikipata moto. Mimi chini ya milimita 8 sichukui tena, na sababu utaiona huko mbele. Ilaze juu ya kioo cha dirisha: ikicheza, imepinda.

Chungulia ndani ya matundu. Mafundi wengi wanachomelea nje safi kama shanga, ndani kumebaki matone ya chuma yanayoziba njia. Matone unaweza kuyasaga kwa grainda ndogo. Tundu lisilolingana na tundu la silinda hedi huwezi kulitibu, rudisha.

Ukubwa wa mabomba: kwa injini ndogo kama hii, bomba la nje milimita 35 hivi linatosha. Vijana wanataka bomba nene kama la lori, halafu wanalalamika gari halina nguvu kwenye mlima wa Bugando. Bomba nene kupita kiasi linapunguza mwendo wa moshi, na chini kwenye mzunguko mdogo ndiko unakokaa siku nzima mjini.

Jambo la mwisho: heda iliyotengenezwa kwa gari la usukani wa upande mwingine inaweza isikae kwenye gari letu. Uliza kabla ya kulipa.

KUFUNGA

Usiku wa kuamkia kazi, lowesha nati zote kwa mafuta ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi.

Injini iwe baridi. Toa waya hasi wa betri.

Toa chujio la hewa, waya wa mafuta, chok. Ziba mpira wa petroli kwa bolti, usiache unadondosha.

Fungua bomba la mbele chini, kisha nati za manifodi, ukianzia za pembeni kuja katikati. Ikikataa usivute kwa hasira. Silinda hedi ni alumini, stadi (bolti isiyo na kichwa iliyokaa kwenye hedi) ni chuma: ukilazimisha, unatoka nayo pamoja na nyuzi zake zote. Kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, nenda kanywe chai.

Safisha uso wa silinda hedi kwa kikwaruzo cha plastiki au mbao. Si tindo.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kwenye injini hizi manifodi ya kuingiza (ya kabureta) na ya kutoa (ya ekzosi) zinabanwa na nati zilezile. Washa nene (kile kibati cha duara chini ya nati) inakaa katikati, nusu yake imekanyaga flenji ya ekzosi, nusu imekanyaga flenji ya kabureta. Kiwandani unene wa hizo mbili unalingana. Heda yangu ya kwanza ilikuwa na flenji ya milimita 6, ya kabureta karibu 10. Nikafunga, nikakaza mpaka mishipa ikanitoka. Washa ikalala upande. Hakuna flenji iliyobana sawasawa, zote mbili zikabaki zinashikiliwa na gasketi na dua.

Gari likawaka. Likaunguruma juu juu, mara linapanda mara linashuka, likipanda mlima linapiga risasi kwenye ekzosi. Nikasema ni kabureta. Nikaifungua kabureta mara tatu, nikanunua nyingine iliyotumika, hali ileile. Wiki mbili hizo silinda moja ilikuwa inavuta hewa ya pembeni, inachoma mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), na vali ya ekzosi ikaungua ukingo. Kilichoniokoa ni mzee mmoja pale Nyakato, alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha kando ya gasketi. Nikasikia mwenyewe: ssss. Gharama ya vali, gasketi ya hedi na kazi ilizidi bei ya heda.

Kwa hiyo: kabla ya kufunga, pima flenji zote mbili kwa venia (kipimo cha unene). Zikitofautiana, fanya moja kati ya haya. Mpe fundi wa mashine apunguze ile nene, kama tofauti ni ndogo. Au kata vipande vya bamba la unene unaokosekana, uvichomelee juu ya flenji nyembamba pale washa inapokanyaga tu. Au tengeneza washa zenye ngazi. Usiweke gasketi mbili kufidia. Usiweke washa nyembamba mbili upande mmoja ukasema zitakaa, zinateleza. Na usitafute uvujaji kwa kunyunyiza petroli kama nilivyoona mtu akifanya Igoma, pembeni ya bomba la moto. Mpira sikioni unatosha.

Na tundu la chini ya manifodi ya kabureta, pale ilipokuwa imeungana na ekzosi ili kupashwa joto: litabaki wazi. Kata bamba, weka gasketi, funga. Mwanza hakuna baridi ya kuhitaji joto lile.

Jaribu heda bila gasketi kwanza. Angalia kama inagusa stata, bomba la breki, waya za klachi. Kisha gasketi mpya, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Stadi za milimita 8 kwenye alumini hazihitaji nguvu ya kufungulia tairi.

Funga bomba la mbele na ulitundike vizuri. Heda isibebe uzito wa bomba zima, itapasuka kwenye kona ya weldi.

Washa gari nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa ekzosi una hewa isiyo na harufu inayoua. Ikipata moto zima, iache ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya siku mbili tatu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema heda za bei nafuu zinavuja.

MASWALI

Dogo_Mabatini: Mkuu bei gani na niipate wapi?

Jibu: Bei inategemea umeikuta wapi na siku hiyo muuzaji kaamkaje. Umesoma sehemu ya kuchagua?

Dogo_Mabatini: Nimeona ndefu.

Jibu: Basi na heda usinunue, nayo ni ndefu.

Mtoto wa Pasiansi: Mimi fundi wangu hatumii gasketi, anapaka silikoni tu, na gari linatembea. Naona unatia watu gharama.

Jibu: Silikoni ya kawaida kwenye mdomo wa ekzosi inaungua, na vipande vinabaki njiani. Linatembea leo. Sikuandika somo la leo tu.

Mtoto wa Pasiansi: Ila wewe mwenyewe uliunguza vali.

Jibu: Ndiyo, na nimeandika aya nzima kuhusu hilo ili wewe usiunguze. Kuna ubaya?

Mama Neema 120Y: Kaka, asante kwa somo. Nimeona heda mbili, moja mabomba manne yanaingia kwenye moja, nyingine yanaungana mawili mawili kwanza. Kwa nini wanaunganisha la 1 na la 4, si la 1 na la 2 ambayo yako jirani?

Jibu: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. A12 inawasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kila nusu mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) silinda moja. Hesabu: kutoka 1 mpaka 4 kuna mzunguko mzima, na kutoka 3 mpaka 2 vilevile. Ukiunganisha 1 na 4, moshi wa mmoja ukitoka, mwenzake vali yake imefungwa, hasukumwi. Ukiunganisha 1 na 2 zinazofuatana, la 1 linaanza kutoa la 2 bado liko wazi, zinapigana. Ya mawili mawili inasaidia chini na katikati, yaani mwendo wa mjini. Ya manne kwa moja inapenda juu. Kwa gari la kupeleka watoto shule, chukua ya mawili mawili.

Mama Neema 120Y: Nimeelewa. Na kabureta niiguse?

Jibu: Endesha wiki, kisha toa plagi uzisome. Kahawia ni sawa, nyeusi ya masizi ina mafuta mengi, nyeupe ina mafuta machache. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo gari lililorekebishwa kule likifika huku linakula mafuta mengi kidogo kuliko linavyohitaji. Heda inavuta upande wa pili, yaani mchanganyiko unapungua mafuta. Wakati mwingine vinakutana katikati na huhitaji kubadili jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli).

Baharia wa Kirumba: Sisi kwenye maboti, nati iliyoshika kutu tunaipasha moto kisha tunagusisha mshumaa. Nta inanywewa ndani ya nyuzi. Ikipoa kidogo inafunguka.

Jibu: Hii naichukua. Ila petroli iwe mbali jamani. Nami naongeza: wakati wa kurudisha tumia nati za shaba, hazigandi kwenye stadi.

Baharia wa Kirumba: Na ile tepu ya kuzungushia heda ipunguze joto?

Jibu: Kwa chuma cha kawaida na unyevu wa ziwani, siishauri. Inashika maji ndani, heda inaoza ukiwa huioni. Rangi ya kuhimili joto inatosha, kama utaipasha taratibu mara za mwanzo.

Musoma Classic: Wakuu, mjomba kaacha Chevrolet Impala ya V8 chini ya mwembe. Nataka heda. Nalo ni hivihivi?

Jibu: Hongera! Kule kabureta iko katikati, kwa hiyo lile balaa langu la flenji mbili hulipati. Ila V8 ya Chevrolet inawasha 1-8-4-3-6-5-7-2, na namba 5 na 7 ziko upande mmoja zikifuatana, 8 na 4 vilevile upande wa pili. Ndiyo maana ule mngurumo haulingani pande zote, na huwezi kuumaliza kwa heda ya kawaida. Angalia plagi kama utazifikia heda ikishafungwa, na stata isikae imekumbatiwa na bomba la moto. Bolti za ekzosi nyingi ni za inchi 3/8, usilazimishe ya milimita 10 kwa kuwa zinafanana machoni. Gari lina muda gani halijawaka?

Musoma Classic: Tangu nasoma msingi. Mzizi wa mwembe umepita juu ya ekseli ya nyuma.

Jibu: Anza na panga, mkuu. Heda baadaye.