Zaburi moja, saa ileile

Ukifiwa, siku ngumu si ya mazishi. Ni ile turubai zikishakunjwa, viti vya kukodi vimerudishwa na basi la Kampala limeondoka na ndugu wote. Mimi nilimzika mama yangu kule Arua, na mwezi huohuo kazi ikanihamishia Jinja. Kanisa geni, sikujua hata nikae benchi gani.

Kilichonishika ni kitu kidogo: zaburi moja, saa moja asubuhi, kabla chai haijachemka. Isome kwa sauti. Ukisoma kimoyomoyo mawazo hutoroka. Anza na zile za kulia. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini. Ya 88 inaishia gizani kabisa, nayo imo kwenye Biblia vilevile. (Wanaokwambia "usilie, ni mapenzi ya Mungu" sijui huiruka?)

Na Jumapili kaa benchi lilelile. Mimi nilikosa mara moja tu, na niliporudi bibi wa pembeni akaniuliza, "Mwanangu, wiki iliyopita ulikuwa wapi?"