Kukalafati Chombo cha Mbao

Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari. Majahazi ya misumari yanategemea pamba iliyopigwa kati ya mbao na mbao, na kazi hiyo, ndiyo kukalafati, haitaki haraka.

Pandisha chombo pwani wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakijaa, ukiegemeze kwa magogo pande zote mbili. Toa pamba iliyooza na usafishe mwanya mpaka mbao ionekane. Msumari uliolegea kwa kutu ubadilishe sasa. Kukalafati juu yake ni kazi bure.

Sokota pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko mwanya, uichovye kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, au mafuta ya nazi, uikamue. Ipige kwa chembeu, yaani patasi ya kukalafatia, na nyundo ya mbao: kwanza ishikize hapa na pale, ndipo urudi kuizamisha. Sikiliza mlio. Ukibadilika kuwa mkali, acha hapo hapo. Wengi huharibu hapa, kwa sababu mbao iliyokauka juani huvimba ikirudi majini, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi huisukuma mpaka iachane na mataruma, yaani mbavu za chombo. Iliyolegea nayo hutolewa na mawimbi.

Pitisha moto mdogo wa makuti chini ya tumbo la chombo kuua wadudu watoboao mbao, kisha paka deheni, yaani chokaa na shahamu, mpaka usawa wa maji. Juu ya usawa huo sifa inatosha.

Siku ya kwanza majini chombo kitavuja kidogo. Kumba maji, usiongeze pamba kabla mbao hazijavimba.