Jinsi ya kuchagua mgombea wakati humwamini hata mmoja

Kila uchaguzi ukikaribia naulizwa swali lilelile, sasa kura nimpe nani na wote waongo. Nimefanya elimu ya mpiga kura miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa wakala wa chama vituoni, yaani nimekaa kwenye lile benchi toka asubuhi mpaka karatasi ya mwisho inahesabiwa usiku, na jibu langu siku hizi ni fupi tu: acha kutafuta wa kumwamini. Tafuta wa kumbana. Ahadi ni deni, sawa, ila deni lisilo na mdai atalilipa nani? Chini hapa ndo ninavyofanya mwenyewe. Chukua daftari, simu nayo sawa ila daftari haliishiwi chaji.

Hatua ya 1: Jua kiti chenyewe kinafanya nini

Hapa usikae sana. Ukurasa mmoja kwa kila kiti, juu yake andika kazi zake kisheria. Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti na kuisimamia serikali. Diwani ni mambo ya halmashauri. Kuna nchi mbunge anapewa mfuko wa jimbo, basi cheki wa kwenu ukoje. Halafu pitia ahadi zao, ile iliyo nje ya mamlaka ya kiti pigia mstari. Diwani anayekuahidi kushusha bei ya mafuta nchi nzima sio lazima awe mwongo, ila funguo hana, na huwezi kumdai mtu mlango ambao funguo zake ziko kwa mwingine.

Hatua ya 2: Mambo mawili, yakizidi sana matatu

Usifuatilie kila kitu, utachoka ndani ya siku mbili af utarudi kuchagua kwa nyimbo. Chagua yanayokugusa kweli, labda shule ya mtoto, maji, bima ya afya, ajira. Yaandike kabla hujasikiliza hotuba yoyote, manake ukishasikiliza utajikuta unaandika ya kwao badala ya yako.

Hatua ya 3: Angalia mikono yake, mdomo achana nao

Hii ndo yenye kazi. Kama alishawahi kuwa na kiti, kuna karatasi zake mahali: Hansadi ya bunge (kumbukumbu za yaliyosemwa humo), mihtasari ya vikao vya halmashauri, ripoti za mkaguzi wa hesabu za serikali. Usisome kurasa mia tatu bana, tafuta jina lake pamoja na yale mambo yako mawili, basi.

Kwa nini nasisitiza mtu mmoja mmoja na sio chama tu? Angalia yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2010 wagombea wa chama cha Liberal Democrats walisaini kabisa kwamba watapinga ada za vyuo vikuu kupanda, wakaingia kwenye serikali ya mseto, na Desemba ya mwaka huohuo bunge likapandisha ukomo wa ada karibu mara tatu, hadi pauni 9,000. Kiongozi wao Nick Clegg alikuja kuomba radhi 2012, akakiri hawakupaswa kuahidi kitu wasichokuwa na uhakika nacho, na 2015 chama kikaporomoka toka viti 57 hadi 8. Ila sasa sikia hii, siku ile ya kura wabunge 21 wa chama hichohicho walikataa, walishika neno lao. Ukisema "wote waongo" unamtupa na yule aliyekataa, na aliyekubali anajificha humohumo kwenye hao "wote".

Na kiukweli ahadi hazivunjwi zote kama tunavyodhani tukiwa na hasira. PolitiFact, waandishi wa Marekani wanaohakiki kauli za wanasiasa, walifuatilia ahadi zaidi ya 500 za Barack Obama kwa miaka yake 8, wakakuta karibu nusu zilitimizwa, kama robo zilivunjwa, zilizobaki zikaishia kwenye maelewano ya nusu kwa nusu. Na utafiti mmoja wa 2017 uliopitia ahadi zaidi ya 20,000 kwenye nchi 12 ulionyesha serikali za chama kimoja zinatekeleza zaidi kuliko za mseto. Kwa iyo mgombea wa chama kidogo akikuahidi makubwa muulize, mkiingia mseto hili mtaling'ang'ania au ndo la kwanza kuachia?

Na kama ni mgeni kabisa, hajawahi kushika kiti? Hapo uliza kitu gani cha watu alishawahi kukisimamia, kamati ya shule, chama cha kuweka na kukopa, hata timu ya mpira. Hela zilisomwa mbele ya wanachama au hazikusomwa? Alimaliza muda wake au aliondoka na vitabu?

Af usiwafanyie hivi wapinzani tu. Anza na yule moyo wako unampenda, tafuta dosari zake kwa nguvu ileile. Na klipu ya sekunde ishirini usiiandike daftarini mpaka uione nzima na ujue ni ya lini, nimeshaaibika mimi mwenyewe mbele ya darasa kwa klipu iliyokatwa katikati ya sentensi.

Hatua ya 4: Swali moja tu

Ukipata nafasi ya kuuliza usiulize "utatufanyia nini", umempa uwanja wa kucheza. Kwenye mkutano mmoja nilikuwepo, mgombea ametaja mambo tisa, watu wanapiga makofi, akasimama mama mmoja nyuma kabisa akasema, hela ikitosha mawili tu, unaacha yapi saba? Jamaa akacheka. Akanywa maji. Akasema kwake yote ni kipaumbele.

Wiki iliyofuata mpinzani wake alipokuja mama yuleyule akamuuliza hivyohivyo. Huyu alikaa kimya kidogo, kisha akasema barabara itasubiri, ataanza na maji, bomba la kwanza mwezi wa nne baada ya kuapishwa. Watu wa upande wa barabara wakamzomea palepale. Mimi nikaandika: maji, mwezi wa nne. Sikuandika kwa sababu nilimwamini, ila nilikuwa nimepata kitu cha kumdai na mashahidi mia mbili walikuwepo.

Hatua ya 5: Nani akimpigia simu usiku lazima apokee?

Kampeni ni gharama, nani kagharamia? India tangu 2003 mgombea lazima aweke wazi mali, madeni na kesi zake kwa hati ya kiapo, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Angalia kama kwenu kuna tamko la namna hiyo. Kama hamna, angalia nani yuko naye jukwaani, na mgombea analikwepa suala gani kila likiguswa. Mwenye wafadhili wengi wadogo unambana kirahisi zaidi kuliko anayebebwa na mtu mmoja mwenye tenda.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Jua mfumo wenu. Pale anayeongoza ndo anabeba hata bila kufika nusu, kura kwa unayempenda asiye na nafasi inaweza kumsaidia unayemwogopa, kwa iyo wakati mwingine unampa wa pili wako. Palipo na duru mbili kama Ufaransa, duru ya kwanza piga kwa moyo, ya pili kwa akili. Australia wanapanga wagombea kwa namba, moja mbili tatu, hapo wa moyo mpe namba moja bila wasiwasi.

Na kugoma je? Kugoma ni haki yako pale ambapo kura si lazima, ila ujue inahesabiwaje. India tangu 2013 kuna kitufe cha "hakuna kati ya hawa", lakini kwenye uchaguzi wa bunge hata kikipata kura kuliko wote, mgombea aliyefuata ndo anapita. Kituoni niliwahi kuona karatasi ya kura ina barua nzima ya malalamiko, mwandiko safi, hoja nzuri kweli. Msimamizi akaiinua, mawakala tukaitazama kama sekunde mbili, ikaenda kwenye rundo la zilizoharibika. Sikumaliza hata sentensi ya pili.

Kama unaona kura moja haina uzito, jimbo moja la uwakilishi kule Virginia, Marekani, uchaguzi wa 2017 wagombea wawili walifungana kura 11,608 kwa 11,608. Januari 2018 wakachomoa jina kwenye bakuli, na hilo jina likaamua chama gani kibaki na wengi kwenye baraza.

Hatua ya 7: Siku yenyewe na baada yake

Alama moja, ndani ya kisanduku, usiandike kitu kingine. Ukikosea kabla hujatumbukiza muombe msimamizi karatasi nyingine, sehemu nyingi inaruhusiwa, watu wanaona aibu tu.

Af daftari usilitupe. Yule wa maji alishinda kwa kura chache. Mwezi wa nne ukapita, wa tano nikaenda ofisini kwake siku ya kuonana na wananchi, nikafungua ule ukurasa nikaweka mezani. Akasema mkandarasi kachelewa, bomba litatoka mwezi wa sita mwishoni. Nikaomba kalamu yake, yangu ilikuwa imeisha wino, nikaandika tarehe mpya pembeni ya ile ya zamani, naye ananitazama nikiandika.