Somo: Kusuka upya tovuti ya ofisi ya wasanifu majengo

Wakuu, bosi akikupa kazi hii atakwambia anataka "kitu cha kisasa". Mwache aongee, ila usianze na rangi. Mteja anayeingia kwenye tovuti ya wasanifu ana swali moja: hawa wameshawahi kusanifu jengo kama ninalolitaka? Mjibu haraka, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Anwani za zamani. Kabla hujagusa chochote, orodhesha kurasa zote zilizopo kwenye jedwali, na pembeni ya kila moja andika anwani yake mpya. Mfano, /project.php?id=14 inakuwa /miradi/maktaba-ya-chuo. Ukiruka hapa, linki zote ambazo majarida na tovuti nyingine zilikupa zitaishia kwenye 404, yaani ujumbe wa "ukurasa haupo". Tumia uelekezaji wa 301, unaompeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya moja kwa moja na ambao ni wa kudumu, si 302 ambao ni wa muda. Usizirushe zote ukurasa wa mwanzo. Kila ukurasa uende kwa mwenzake. Google wanashauri uuache uelekezaji huo angalau mwaka mmoja. Mimi siuondoi kabisa.

Hatua ya 2: Chuja miradi. Hapa jiandae kwa ubishi, maana kila msanifu ana jengo lake asilotaka liguswe. Miradi 12 iliyoelezwa vizuri inashinda 60 yenye picha mojamoja. Ipange kwa aina ya jengo: nyumba za kuishi, shule, hospitali, ofisi. Kila mradi uwe na mahali ulipo, mwaka, ukubwa kwa mita za mraba, na hali yake: limejengwa, linajengwa, au liliishia kwenye karatasi. Picha za 3D (zilizotengenezwa kwa kompyuta) ziandikwe wazi kuwa ni za 3D. Mteja akiomba kwenda kuliona jengo, halafu jengo lenyewe halipo, umeshampoteza.

Hatua ya 3: Picha. Hapa ndipo tovuti nyingi za wasanifu hufia. Mpiga picha anakuletea faili la pikseli 6000, na kuna mtu analipandisha lilivyo. Lipunguze hadi upana wa pikseli 2000 hivi, lihifadhi kama WebP au AVIF (aina za faili za picha zilizo nyepesi), na tengeneza toleo dogo la simu kwa kutumia srcset, sehemu ya HTML inayokiachia kivinjari kichague picha inayofaa skrini. Picha za chini zipe loading="lazy", ili zipakuliwe msomaji anapozikaribia, lakini ile kubwa ya juu kabisa usiipe: utaichelewesha, na Google wanataka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Andika width na height za kila picha ili ukurasa usirukeruke unapofunguka.

Ramani za majengo ni habari nyingine. JPEG huchafua mistari myembamba, kwa hiyo toa SVG (faili la michoro ya mistari lisilopoteza ukali ukilikuza), baada ya kufuta vipimo na leya zisizohitajika. Vinginevyo ramani moja itakuwa nzito kuliko picha. Na ramani ya nyumba anayoishi mtu usiiweke bila ruhusa yake.

Hatua ya 4: Maandishi. Herufi nyembamba za kijivu kwenye nyeupe wasanifu wanazipenda, wasomaji hawazioni. Kiwango cha WCAG AA, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni angalau 4.5:1 ya utofauti wa mwangaza kati ya herufi na rangi ya nyuma yake. Basi.

Hatua ya 5: Kuirusha hewani. Nakala ya majaribio huwekewa noindex, alama inayoiambia Google isiionyeshe kwenye matokeo. Siku ya kuirusha, iondoe, kisha tuma sitemap (orodha ya kurasa zako) kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti.

MASWALI

*Mkuu, shukrani kwa somo. Bosi anang'ang'ania video ijae ukurasa wa mwanzo. Nimkatalie?*

Usimkatalie, mwonyeshe. Mfungulie kwenye simu kwa data, si kwa Wi-Fi ya ofisini. Akishikilia msimamo, iwe fupi, haina sauti, na kwenye simu itokee picha tu.

*Mpiga picha tulishamlipa. Picha si zetu?*

Si lazima. Katika nchi nyingi, kama alikuwa wa kukodiwa, hakimiliki hubaki kwake mpaka mkataba useme vingine; ninyi mmenunua ruhusa ya kuzitumia. Usome mkataba, na jina lake liandikwe chini ya picha.

*Ofisi imebadilisha jina, domeini (anwani ya tovuti) nayo inabadilika. Ya zamani niiache iishe muda?*

Usithubutu, mkuu. Endelea kuilipia. Ikiisha, mtu mwingine anaweza kuisajili, na barua pepe za wateja wenu wa zamani zikaanza kumfikia yeye. Elekeza kurasa zake kwa 301, na barua zake zipelekwe kwenye anwani mpya.