Kupiga picha mahali penye jina la katiba: hatua kwa hatua, kutoka Johannesburg hadi Athens

Mara ya kwanza nilipofika Constitution Hill, kilima cha Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini huko Johannesburg, nilipiga picha zaidi ya mia mbili kwa siku moja. Matofali yalikuwa yamenyooka, anga ni buluu safi, kila kitu kimo ndani ya fremu. Nikamwonyesha dada yangu. Akazipitia zote, kisha akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Swali lile liliniuma, kwa sababu jibu lilipaswa kuwa ndani ya picha, nami sikuliweka.

Katiba haina sura. Mlima una kilele, mnara una urefu, lakini katiba ni maandishi. Katika Kiswahili neno lenyewe ni ndugu wa kitabu, katibu na mkataba. Kwa hiyo mahali panapobeba jina lake panataka kazi zaidi ya kusimama mbele ya jengo na kubonyeza. Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa, uwe na kamera kubwa au simu tu.

Hatua ya 1: Jua ni katiba ipi

Fanya hivi ukiwa bado nyumbani. Jina "Uwanja wa Katiba" lipo katika miji mingi, lakini kila moja lina kisa chake, na kisa ndicho kinachokuambia uelekeze lenzi wapi.

Uwanja wa Syntagma, Athens, ulipata jina lake kutokana na tukio la tarehe 3 Septemba 1843. Askari na wananchi walikusanyika mbele ya kasri la Mfalme Otto wakidai katiba, na mwaka uliofuata wakaipata. Kasri lile leo ndilo Bunge la Ugiriki. Basi picha ya uwanja bila kasri imekata kisa katikati: waliodai wapo, aliyedaiwa hayupo.

Mexico City inawakosesha wengi. Jina rasmi la uwanja wake mkuu ni Plaza de la Constitución, na wageni hudhani ni katiba ya Meksiko. Sivyo. Ni katiba ya Cádiz ya mwaka 1812, ya Uhispania, enzi Meksiko ikiwa bado koloni. Wenyeji wanauita Zócalo, yaani kitako cha nguzo, kwa sababu katika karne ya 19 mnara ulipangwa kujengwa pale na ukaishia kwenye kitako.

Na Johannesburg? Katiba ni ile aliyoitia saini Nelson Mandela pale Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996, ikaanza kutumika tarehe 4 Februari 1997. Jengo la Mahakama ya Katiba lilifunguliwa mwaka 2004 juu ya ardhi ya magereza. Shikilia hilo neno, magereza. Nitalirudia.

Hatua ya 2: Lijue jua la huko

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini, ambalo nusu ya mwaka huegemea kaskazini na nusu kusini. Johannesburg jua la mchana liko upande wa kaskazini mwaka mzima. Ukuta unaotazama kaskazini unapata mwanga. Unaotazama kusini unabaki kivulini, hasa majira ya baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwanga wa saa sita ni mkali na unafuta umbile la matofali. Juni na Julai anga huwa kavu na vivuli ni virefu. Mimi huchagua miezi hiyo. Ukienda Desemba au Januari, maliza kazi ya nje asubuhi, maana alasiri mara nyingi huja ngurumo na mvua.

Athens, Bunge linatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake na uso wa jengo ni kivuli kitupu. Nenda alasiri. Zócalo ni hivyohivyo kwa Ikulu ya Taifa, iliyo upande wa mashariki wa uwanja. Kanisa kuu liko kaskazini na linatazama kusini, kwa hiyo miezi mingi ya mwaka linapata mwanga muda mrefu zaidi.

Hatua ya 3: Anza na maandishi

Kabla ya jengo, tafuta herufi. Mahakama ya Katiba imeandikwa jina lake kwenye ukuta wa mbele kwa lugha 11, kwa herufi za rangi. Mlango wake mkubwa wa mbao umechongwa mada 27 za sura ya haki za binadamu. Hapa ndipo katiba inaposhikika kwa mkono.

Michongo inahitaji mwanga wa ubavuni. Zima fleshi kabisa. Fleshi ya mbele inaulaza mchongo ukaonekana kama umechorwa kwa kalamu. Subiri jua liupitie mlango kwa pembeni, au kama kuna kivuli, sogea wewe hadi uone kingo za mchongo zikitenganisha nuru na giza. Simama sambamba na mlango ili mistari isipinde. Weka tundu la lenzi f/8, kisha piga mara tatu: mlango wote, ubao mmoja, neno moja. Kwa simu, gusa skrini kwenye mchongo na ushushe mwangaza kidogo, mbao ibaki na rangi yake.

Hatua ya 4: Piga kilichokuwepo kabla ya katiba

Hatua hii ndiyo niliyoikosa safari ya kwanza, na kama una saa mbili tu, zitumie hapa.

Kilima hiki kilikuwa gereza kwa miaka mingi. Ngome ya zamani, iliyozungushiwa boma la udongo enzi za Paul Kruger, rais wa Transvaal, miaka ya 1890. Gereza la Number Four, walikofungwa wanaume weusi. Gereza la wanawake. Gandhi alifungwa hapa, na wapinzani wa ubaguzi wa rangi Robert Sobukwe na Albertina Sisulu. Mandela aliwekwa kwenye ngome mwaka 1962 akisubiri kesi. Gereza lilifungwa mwaka 1983. Jengo la mahabusu lilipobomolewa ili mahakama ijengwe, matofali yake hayakutupwa. Yalijengea mahakama. Minara ya ngazi ya jengo lile iliachwa imesimama.

Kwa hiyo tofali unalolipiga picha ndani ya mahakama lilikuwa ukuta wa mahabusu. Likaribie. Tumia mwanga wa pembeni uonyeshe makovu yake, kisha rudi nyuma hadi kiti au dirisha la mahakama liingie kwenye fremu ileile. Picha moja, nyakati mbili.

Kisha nenda kwenye Great African Steps, ngazi pana zinazopita kati ya Number Four na mahakama. Lenzi ya milimita 24 hadi 35 inatosha. Simama chini katikati, ukuta wa gereza uwe upande mmoja na wa mahakama upande wa pili, halafu ngoja mtu apande. Mimi nilingoja karibu dakika arobaini. Wakaja wanafunzi wenye sare, wakakaa kwenye ngazi kula. Nilimwendea mwalimu wao kwanza, nikamweleza, "Mwalimu, naomba kupiga kwa nyuma, sura zisionekane." Akakubali. Picha ile dada yangu hakuniuliza ni wapi.

Ndani ya seli za Number Four, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, kasi ya shata isishuke chini ya 1/60 ya sekunde kama unashika kwa mkono, na upime mwanga kwenye kidirisha, si ukutani. Ukuta utaingia giza. Uache. Nimeona picha nyingi za seli hizi zilizong'arishwa kwenye kompyuta hadi zikafanana na chumba cha kupanga. Huko ni kuwadanganya waliolala humo. Na tafadhali usimpange rafiki yako acheke mbele ya seli ya kifungo cha peke yake.

Ukumbi wa mahakama una ukanda wa dirisha usawa wa ardhi ya nje, ambapo ukiwa umekaa ndani unaona miguu ya wapita njia. Kikao kikiwa kinaendelea, kamera ibaki mfukoni. Kama hakuna kikao, muulize askari wa mlangoni, kisha piga ile miguu.

Hatua ya 5: Ngoja saa yake

Mbele ya Bunge la Athens, kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana, walinzi wa Evzones hubadilishana kila saa. Jumapili saa tano asubuhi huja gwaride kubwa, wakiwa na foustanella, sketi nyeupe yenye mikunjo 400. Jua bado liko nyuma ya jengo saa hiyo, basi pima mwanga kwenye sketi ili weupe usiungue. Kwa mguu ulioinuliwa tumia kasi ya shata ya 1/500. Usiguse wala usimsogelee mlinzi.

Zócalo, bendera kubwa hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Usipige ukiwa uwanjani. Panda kwenye mojawapo ya mikahawa ya juu upande wa magharibi, agiza kahawa, kaa ukingoni: jua la alasiri litakuwa mgongoni mwako, na Ikulu mbele yako.

Hatua ya 6: Ruhusa

Kampala kuna Constitutional Square, ambayo wengi bado wanaiita City Square, karibu na Mahakama Kuu. Polisi huwapo mara kwa mara, kwa sababu viwanja vya namna hii ndiko watu hukusanyika wakiwa na madai. Salimia kwanza, eleza unachofanya, onyesha picha ulizokwisha kupiga. Usielekeze lenzi kwa askari wala silaha. Ukiambiwa hapana, funga kamera uondoke. Droni juu ya bunge au mahakama, sahau.

Hatua ya 7: Chagua na uandike maelezo

Nyoosha mistari ya wima, punguza mwanga uliozidi, na usifute senyenge. Senyenge ni sehemu ya kisa. Kati ya picha zote chagua tano: maandishi, jengo, kipande cha karibu, mtu, na moja pana.

Maelezo ya picha yataje mahali kwa jina la wenyeji, katiba yenyewe na mwaka wake, na kitu ambacho jicho haliwezi kukijua lenyewe. Haya ndiyo niliyoandika chini ya ile ya wanafunzi:

"Great African Steps, Constitution Hill, Johannesburg, Julai, saa tisa alasiri. Wanafunzi wanakula chakula cha mchana kati ya gereza la Number Four na Mahakama ya Katiba ya 1996. Matofali ya mahakama yalitoka kwenye jengo la mahabusu."