Jinsi ya kuanzisha ufadhili wa masomo kwa jina la marehemu mwenye saluni

Mwenye saluni aliyependwa mtaani huacha watu wengi: wateja wa miaka mingi na mabinti aliowapa kitana wakiwa hawajui hata kugawa nywele. Kumlipia binti mmoja asomee ususi kila mwaka ni kuiendeleza kazi yake yenyewe. Mwongozo huu ni wa Tanzania.

Anzeni na familia, na msianze kabla ya arobaini. Ombeni barua fupi, iliyosainiwa na mwenzi au watoto wakubwa, inayoruhusu jina na picha ya marehemu kutumika. Rambirambi msiziguse; zile ni za msiba, na mkizichanganya na michango ya ufadhili, ugomvi hautaisha. Vivyo hivyo draya, viti na vioo vya saluni. Hivyo ni mirathi, hata kama mmoja wa ndugu anawaambia "chukueni tu". Msipokee kitu mpaka msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama akubali kwa maandishi.

Kisha undeni kamati ya watu watano: wawili wa familia, wawili wateja, mmoja msusi mzoefu. Andikeni katiba ya kurasa mbili au tatu, mpate barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze namna ya kusajili kikundi halmashauri. Kwa katiba, muhtasari wa kikao na vitambulisho vya NIDA vya watia saini, benki itawafungulia akaunti ya kikundi. Wekeni watia saini watatu, fedha itoke kwa saini mbili, na mmoja wa hao wawili asiwe ndugu wa marehemu. Michango isipite kwenye simu ya mtu binafsi hata kwa wiki moja. Hata mhazini awe mwaminifu kiasi gani, fedha ya mfuko ikichanganyika na ya nyumbani kwake hataweza kuithibitisha. Bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) mtaihitaji baadaye, mkifikia kumiliki kiwanja au jengo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi huharibu. Wateja 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni 200,000, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi. Panga kana kwamba robo haitafika, ubaki na 1,800,000. Tuseme ada, sare, vifaa, nauli na mtihani wa binti mmoja vinafika 900,000 (pateni kiasi halisi chuoni, kwa maandishi). Hapo mna wanafunzi wawili, basi. Mkishawishika kuchukua wanne na kuwalipia nusu nusu, wote wanne watakwama katikati ya mwaka. Heri mmoja aliyemaliza.

Nauli na vifaa ndivyo husahaulika, na ndivyo humrudisha binti nyumbani. Kiti chake cha darasani kimelipiwa, lakini hana cha kufanyia mazoezi. Mnunulieni kichwa cha bandia chenye nywele na kishikio chake cha mezani, vitana vitatu (cha mkia, cha meno mapana, cha meno membamba), vibanio 12, rola za saizi tatu, sindano na uzi wa kushonea wivingi, mkasi wa nywele usiokata kitu kingine, glavu, taulo mbili na aproni. Rasta, yaani nywele za bandia za kusukia, mpeni kidogo kidogo kila mwezi. Mkimpa zote mara moja zitauzwa shida ikibisha hodi.

Kozi ndefu za VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi) kwa kawaida huanza Januari, na maombi hufunguliwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo tangazeni nafasi kufikia Julai. Kuchagua kwa barua ya kujieleza peke yake hakutoshi. Waiteni waombaji watano au sita wa mwisho, kila mmoja asuke twende kilioni nusu kichwa kwa saa moja. Msusi wa kamati atazame mistari, na zaidi atazame nywele za mbele, karibu na paji la uso. Ngozi ikivutwa mpaka vipele vidogo vinatokea, muulizeni kwa nini anakaza hivyo. Anayesikiliza, akalegeza mkono na kurudia, anafundishika. Anayejibu kwamba mteja atazoea, muendelee na mwingine. Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke kikaoni, na kutoka kwake kuandikwe kwenye muhtasari.

Malipo yaende chuoni moja kwa moja. Chuo cha serikali kitawapa namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipieni hiyo, mhifadhi risiti. Lipeni kwa muhula, na kabla ya muhula wa pili ombeni mahudhurio.

Msiwasahau wasusi waliojifunzia saluni kwa marehemu na hawana cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: msusi hupimwa kwa vitendo kazini, huzibwa mapengo yake kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Mapengo huwa kwenye dawa za kulainisha nywele zaidi kuliko kwenye kusuka: kukagua vidonda kichwani kabla ya kupaka, kupaka mafuta kwenye ngozi, kuheshimu muda ulioandikwa kwenye kopo, na kusafisha kwa shampuu ya kuua dawa badala ya ile ya kawaida. Tengeni nafasi moja ya namna hii kila mwaka.

Kila Desemba bandikeni karatasi moja ukutani pale saluni, familia ikiridhia: kilichoingia, kilichotoka, nani anasoma na yuko ngazi gani.